Supu kwa Mama Sufuria

Jumapili ile nilikuwa sishikiki. Nguo nne nilizijaribu mbele ya kioo, nikairudia ile ya kwanza, nikabadilisha viatu, kisha nikarudi kuchungulia mfuko kama karoti bado zimo, utadhani karoti zina miguu. Mpangaji mwenzangu alikuwa amejilaza kitandani ananitazama tu. Akaniuliza kama ndiyo naenda kuolewa leo. Nikamwambia kuolewa bado, ila nikirudi nitakuwa najua kama kupo au hakupo.

Na sikuwa natania. Siku ile nilikuwa naenda kumpikia supu mama yake Fundi, na neno la mama yake Fundi ndilo lililokuwa limebaki kati yangu na ndoa.

Ngoja nieleze vizuri, maana mimi nikifurahi huwa naruka maneno. Nafanya kazi kwenye duka kubwa la vyombo vya nyumbani. Nasimama kwenye meza karibu na mlango, aproni nyekundu kifuani, kipaza sauti kidogo mdomoni, nawaonyesha wateja vyombo vinavyofanya kazi. Siku nyingine pasi, siku nyingine feni, lakini kipenzi changu ni mashine ya supu. Ni jagi la umeme lenye umbo la birika kubwa. Chini lina moto wake, kwenye mfuniko lina visu. Unatumbukiza mboga mbichi na maji, unafunika, unabonyeza, unaenda zako kufua nguo, ukirudi supu imeiva na imesagika. Hayo nayasema kutwa, na watu wananunua. Wenzangu wananiita Redio, nami sijawahi kukataa.

Fundi yuko nyuma kabisa, kwenye chumba kisicho na dirisha, anatengeneza vyombo vinavyorudishwa na wateja. Tulikuwa tunasalimiana tu juu juu mpaka siku kipaza sauti changu kilipokufa katikati ya maonyesho. Akaitwa. Akaja na bisibisi mfukoni na vumbi kichwani, akafungua, akafunga, halafu akachukua ule waya mwembamba akaupitisha nyuma ya sikio langu kwa kidole kimoja, taratibu, bila kunitazama. Nikawashiwa kipaza sauti mbele ya watu wote, nikashindwa kukumbuka nilikuwa nauza nini. Nadhani ndipo nilipokufa na kuoza, ingawa kukiri nilikiri baadaye sana.

Tatizo lilikuwa mama. Kabla hajastaafu alikuwa mpishi mkuu wa hospitali, anapika kwenye masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea ndani, ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mama Sufuria. Siku moja alipita dukani kimyakimya, akasimama nyuma ya wateja, akanisikiliza weee mpaka akatosheka, akaondoka bila kuniambia kitu. Alipofika nyumbani akamwambia mwanawe kwamba yule binti analipwa kusifu. Asubuhi anasifu jagi, mchana anasifu pasi, jioni atakuja kukusifu wewe, sasa tutajuaje lipi linatoka moyoni? Fundi alinisimulia hayo akiwa ameinamisha kichwa. Akanishika mkono akaniambia ananipenda, hana mwingine na hataki mwingine, lakini hawezi kunioa huku mama yake amenuna, kwa sababu ndiye aliyewalea peke yake yeye na dada yake. Nililia kidogo, sikatai. Ila sikumlaumu, mwanaume anayemheshimu mama yake simwoni kama ana kosa.

Halafu bahati ikaniangukia. Mama aling'olewa meno, akawa anasubiri ya bandia, na kutafuna hawezi. Vyakula vya kuponda vilikuwa vimemchosha mpaka amekuwa mkali kwa kila mtu. Nikamwambia Fundi: mwambie mama nitakuja kumpikia supu, mbele ya macho yake, jikoni kwake. Ijumaa akanifuata mbio kwenye korido ya stoo, macho yanamwaka, akaniambia amekubali. Nilimrukia shingoni pale pale. Mashine kwenye maboksi zilikuwa zimeisha, nikamwomba meneja ile ya mezani kwangu ya maonyesho, akaniruhusu. Wala sikumweleza Fundi, nilitaka kila kitu kiwe cha kushtukiza. Na ile mashine nilikuwa nimeizoea kuliko hata simu yangu.

Basi nikafika.

Fundi alinipokea mlangoni, shati limepigwa pasi, na kwa mara ya kwanza kichwa chake hakikuwa na vumbi. Tulitazamana kidogo tu, lakini ilitosha kunipandisha joto mpaka masikioni. Akanipokea mfuko akaninong'oneza nisiongee sana. Nikamwambia leo nitakuwa bubu. Akatabasamu kama mtu asiyeamini hata neno moja.

Jikoni mama alikuwa ameshakaa. Mwanamke mnene kiasi, mkono mmoja mkubwa umetulia juu ya meza, mwingine umeshika kitambaa cheupe mdomoni kuficha mapengo. Ukutani nyuma yake sufuria zilikuwa zimening'inizwa kwa mpangilio, kubwa mpaka ndogo, zinang'aa mpaka nikajiona usoni. Dada yake Fundi alikuwa ameegemea friji, akanikonyeza. Nikapiga goti kidogo, nikatoa shikamoo yangu, mama akaitikia marahaba, akanipandisha na kunishusha kwa macho, akaniuliza kama hicho ndicho chombo chenyewe.

"Ndicho, mama."

"Haya. Tuone."

Nikaanza kazi. Karoti nilikuwa nimeshamenya, nikakata boga, kiazi, kitunguu, kipande cha tangawizi. Nilifurahi, maana nilikuwa naona jinsi mama anavyofuatilia kisu changu, na niliona kabisa kwamba ukataji wangu haukumuudhi. Nikatumbukiza mboga, nikamimina maji mpaka kwenye alama, nikafunika, nikabonyeza kitufe cha supu laini. Taa ikawaka. Mashine ikaguna vizuri. Na hapo, jamani, mazoea yana tabu, mdomo ukafunguka wenyewe.

Nikajisikia nawaambia kama wanavyoona, hakuna kukoroga, hakuna kuungua, mama wa nyumbani ana muda wa kupumzika. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshanyooka kuelekea kwenye jagi kama nilivyofundishwa. Fundi akanikanyaga mguu chini ya meza. Dada yake akageukia friji, mabega yanamcheza kwa kicheko. Mama hakucheka. Alisema niendelee tu, wanasikiliza. Nikaufunga mdomo, kijasho chembamba kikinitoka.

Tukasubiri. Fundi akajikalisha karibu yangu, goti lake likagusa la kwangu, akaliacha hapohapo. Mimi nikawa naona bakuli la supu inayofuka moshi, namwona mama anakunywa, naona harusi, naona mpaka rangi ya vitambaa vya mezani. Raha ilikuwa imenijaa hata kukaa nikashindwa.

Mama ndiye aliyesema. Alikuwa ameinua pua juu.

"Mbona hainuki?"

Nikamuuliza haifanyi nini.

"Haina harufu. Kitunguu na tangawizi vikichemka humu ndani, hata jirani anajua. Mimi sisikii kitu."

Nikamwambia ni kwa sababu ya mfuniko, unabana sana. Nikasema kwa kujiamini kabisa. Mashine ikanguruma, visu vikazunguka, vikanyamaza, vikazunguka tena, halafu ikalia ile milio yake ya kumaliza. Nikafunua kwa mbwembwe, nikamimina kwenye bakuli, nikalisogeza mbele ya mama kwa mikono miwili.

Hakukuwa na moshi. Kwenye bakuli palikuwa na maji ya rangi ya machungwa, na juu yake vinaelea vichembe vya karoti mbichi kama vile mtu amezikuna pale. Mama akachota kijiko, akaweka mdomoni, akajaribu kukizungusha kwenye fizi zake, akakunja uso. Akachukua kitambaa, akatema taratibu, akakunja kitambaa.

"Ya baridi," akasema. "Na mbichi."

Nikalishika jagi kwa viganja vyote viwili, lilikuwa limepoa kama maji ya mtungi. Nikabonyeza vitufe vyote. Nikasema haijawahi kufanya hivi, naapa, kila siku naimimina inatoa moshi watu wanaona. Fundi alikuwa ameshalichukua. Akachomoa waya ukutani, akamwaga kilichobaki kwenye sufuria, akageuza jagi kichwa chini, akatoa bisibisi, akafungua kitako. Akachungulia. Nikaona masikio yake yanageuka rangi.

Akaniuliza kama hii ndiyo ya mezani kwangu. Nikamwambia ndiyo. Akafumba macho.

Kumbe kabla mimi sijaajiriwa, mtoto wa mteja mmoja aliwahi kunyoosha mkono akaunguzwa na mvuke pale mezani. Meneja wa wakati ule akaamuru mashine ya maonyesho ikatwe moto, ibaki kuzunguka tu. Na aliyeukata huo moto, akaufunga waya kwa tepu nyeusi, ni Fundi huyuhuyu. Alishasahau. Na mimi niliambiwa tu siku ya kwanza kwamba mboga naletewa kutoka kantini zikiwa zimeshachemshwa, ziko kwenye chupa ya kutunza joto, ili wateja wasisubiri. Nikaona ni busara. Kwa hiyo siku zote zile nilizosimama pale nikihubiri mboga mbichi zinaivaje, mimi mwenyewe sikuwahi kupikia kitu kwenye ile mashine. Hata siku moja. Nilikuwa nasaga supu iliyopikwa na mtu mwingine.

Fundi alikuwa anamweleza mama yake kwamba kosa ni la kwake, lakini mama akanyanyua kiganja kimoja na mwanawe akanyamaza. Akanigeukia mimi.

"Binti, nilikuambia nini mimi? Hukuambiwa wewe, alaa. Nilimwambia huyu. Sasa tazama. Chombo cha maonyesho. Kinazunguka, kinapiga kelele, kina taa nzuri, na ndani hakina moto. Wewe je, una moto?"

Maneno yale yalinikata maini. Dada yake akaita "mama" kwa sauti ya kumsihi, mama hakugeuka. Nilihisi machozi yanapanda, nikameza mate kuyarudisha. Nilikuwa na hasira pia, nisiseme uongo. Nilitaka kuchukua mkoba wangu nitoke. Lakini bado nilikuwa nalihisi goti la Fundi lilivyogusa la kwangu, na nikiondoka lile goti nitalipata wapi tena?

"Haya," mama akaendelea, "kusifu si ndiyo kazi yako? Nisifie mwanangu. Niuzie."

Nikafungua mdomo. Nikasema ni mpole. Nikasema ni mchapakazi, anajituma, ana moyo mzuri, ni mtu wa kutegemewa. Nikajisikiliza. Ilikuwa ile sauti yangu ya mezani, ya juu kidogo, yenye tabasamu ndani. Mama alikuwa anatikisa kichwa polepole kama mtu aliyeshinda dau. Nikakatiza palepale. Nikashusha pumzi, na nilipoanza tena sikujua naelekea wapi.

"Mama, mwanao anachelewa. Akikwambia saa nane, njoo saa tisa na bado utamsubiri. Hajui kumkataa mtu. Mtu akimletea feni iliyokufa tangu enzi, anaipokea, na siku hiyo simu yangu hapokei. Akikasirika hasemi. Ananyamaza siku mbili, na mimi mtu akininyamazia naumwa, kweli naumwa, nakosa usingizi. Mifuko yake imejaa skrubu, ameshanitoboa mkoba. Anacheka kabla hajamaliza kusimulia kichekesho, na kichekesho chenyewe hakichekeshi."

Dada yake alishindwa, akaangua kicheko akajiziba mdomo. Fundi alikuwa amenikodolea macho. Mimi nilikuwa nimeshashika kasi, sauti inakwaruza, machozi yananitoka bila kuyafuta.

"Na bado namtaka. Nikimwona anatoka kule nyuma na lile vumbi kichwani, napotelewa na maneno katikati ya watu, mimi, ambaye sijawahi kupotelewa na maneno. Mama, ningekuwa namuuza hayo yote ningeyaficha, ndivyo tunavyofanya. Mimi simuuzi. Namtaka mwenyewe."

Nilisikia maji yanadondoka kwenye sinki. Nikabaki nimesimama pale na bakuli langu la karoti mbichi, nangoja hukumu.

Mama akamgeukia mwanawe.

"Unanuna siku mbili?"

"Moja na nusu, mama," Fundi akajibu kwa sauti ndogo.

"Kama baba yako. Nilimkataza asinirithishie watoto hiyo tabia." Akajifuta kona ya jicho kwa kidole, haraka, akidhani hatukumwona. "Mimi nilifikiri ni mimi tu unayeninunia."

Akanitazama tena, safari hii si kwa kunipandisha na kunishusha. Alinitazama usoni tu, akakaa hapo. Kisha akamwambia Fundi arudishe moto kwenye hilo dude, maana yeye ana njaa na chakula hakimwagwi jikoni kwake.

Hamjawahi kuona mtu akifanya kazi kwa furaha namna ile. Fundi alibandua tepu, akachomeka waya mahali pake, akakaza skrubu huku anapiga mluzi, na kila skrubu anayokaza ananitupia jicho. Moja ikamponyoka, ikabingirika mpaka miguuni kwangu. Tukainama wote wawili kuiokota. Chini ya meza, mbali na macho ya mama, akaushika mkono wangu akaubusu kwenye kiganja, pale penye rangi ya karoti. Akaninong'oneza kwamba kichekesho chake cha tembo kinachekesha. Nikamwambia hakichekeshi. Tukainuka nyuso zetu zikituumbua, na dada yake akauliza hiyo skrubu ilikuwa imejificha wapi mpaka itafutwe na watu wawili.

Tulirudisha ile rojo baridi ndani ya jagi. Mama akasimama mwenyewe, akaonja kwa ncha ya kidole, akaongeza chumvi, akakata kitunguu kingine kwa kisu chake, haraka hata sikuona vidole vinavyokwenda. Akaniambia kitunguu kimoja ni cha mgonjwa asiye na hamu. Nikacheka. Na yeye akacheka, akasahau kuziba mapengo.

Safari hii mvuke ulianza kutoka kwenye kitundu cha mfuniko mapema tu. Kioo cha dirisha kikaingia ukungu. Harufu ikapanda, kitunguu, tangawizi, boga, mpaka dada yake akaja kuegemea meza bila kuitwa. Nilikuwa nalikodolea macho lile jagi kama mtu anayekiona kitu kwa mara ya kwanza, na ndivyo ilivyokuwa. Kumbe linafanya kweli. Nilitaka kupiga kelele. Mama akaniuliza kwetu tupo wangapi, baba anafanya kazi gani, shangazi yangu ambaye Fundi alimsimulia kuwa ni mkali ni yupi, nami nikamjibu kimoja kimoja, maneno machache, mpaka Fundi akanigusa paji la uso kuona kama naumwa.

Mashine ilipolia, nilimimina. Moshi ukatufunika usoni wote wanne. Mama akapuliza kijiko, akakiweka mdomoni, akafumba macho. Akameza. Akachota cha pili, cha tatu, na sisi hatukugusa mabakuli yetu, tunamwangalia yeye tu.

Akafika katikati ya bakuli, ndipo akaweka kijiko chini.

"Baba yako huwa nyumbani siku gani?"

Kijiko cha Fundi kikaanguka sakafuni. Hakuna aliyekiokota.

"Jumamosi, mama," nikasema. Sauti ilikuwa ndogo, sikuitambua.

"Mwambie Jumamosi anao wageni." Akalisogeza bakuli lake mbele yangu. "Sasa niongezee, mwanangu."